Billy Beane, Oakland, na daftari la hazina ya timu yetu Ujiji

Billy Beane hajawahi kubeba ubingwa wa besiboli ya Marekani akiwa bosi, hata mara moja, na bado ukiniuliza ni mtu gani wa michezo ambaye natamani kila kiongozi wa timu hapa Kigoma amjue nitakutajia yeye kabla ya kocha yeyote wa mpira tunaemuona kwenye TV kila wikiendi. Najua besiboli huku kwetu haichezwi, watoto wa Ujiji na Mwanga na Gungu wanajua mpira wa miguu basi, lakini habari yake ni habari ya hela na ushindi, na hiyo kila aliyewahi kushika timu anajua inavyonyima usingizi.

Mimi ni mtunza hazina wa timu ya mtaa huku Ujiji. Jina la timu naliacha kwa sababu humu ntagusia mambo ya kamati. Daftari la michango liko kwangu, nauli ziko kwangu, hela ya maji, ya mwamuzi, ya kufulia jezi, yote napita nayo mimi, kwahiyo nikisoma habari za Oakland, timu ya besiboli ya kule California aliyoiongoza Beane, sisomi kama shabiki, nasoma kama mtu mwenye kazi hiyohiyo.

Jamaa kazaliwa 1962. Alikuwa mchezaji, tena yule kijana ambaye maskauti, wale wa kutafuta vipaji, wakimuona wanachanganyikiwa, mrefu, ana mbio, ana nguvu, mwili wa staa kabisa. Mwaka 1980, kwenye zile zamu za timu kuchagua vijana wapya, New York Mets wakamchagua raundi ya kwanza wakampa dola 125,000 asaini, akaacha nafasi ya kusoma chuo kikuu cha Stanford. Akaja kucheza ligi kuu kwa vipandevipande kati ya 1984 na 1989, akapita timu nne, na hakuna alichofanya cha kukumbukwa. Sasa mtu kama huyo hahitaji kuambiwa kwamba jicho la skauti linaweza kudanganywa na umbo, yeye mwenyewe ndo ushahidi. 1990 akawafata mabosi wa Oakland akaomba awe skauti, na Oktoba 1997 wakamkabidhi kiti cha meneja mkuu. Meneja mkuu kule sio kocha, ni yule anaesajili, anaeuza, anaepanga nani alipwe nini, kocha anapokea aliopewa.

Timu aliyoikuta haina hela. Zamani ilikuwa nazo, tajiri wake Walter Haas alikuwa anamwaga mpunga haswa na mwanzoni mwa miaka ya 90 Oakland ilikuwa kwenye kundi la timu zinazolipa mishahara mikubwa kabisa, ila Haas alifariki 1995 na wamiliki wapya wakataka timu ijibebe yenyewe. Na besiboli ya Marekani haina dari la mishahara, kuna kodi kwa anaezidisha lakini mwenye nazo anaweza kuzidisha tu. Mwaka 2002 Yankees, timu ya matajiri wa New York, walikuwa wanalipa wachezaji wao zaidi ya dola milioni 120, Oakland kama milioni 40. Ligi moja, mechi zilezile 162.

Afu kabla ya msimu huo wakaondoka watatu kwa mpigo. Jason Giambi akaenda hukohuko Yankees, miaka 7 kwa dola milioni 120, Johnny Damon akaenda Boston, na Jason Isringhausen, yule mrushaji anaeingia mwishoni kulinda ushindi, akaenda St. Louis. Ni kama straika, winga na golikipa waondoke dirisha moja na wewe hela ya kuwarudisha hauna.

Hapa ndo napopapenda. Beane hakuhangaika kumtafuta Giambi mwingine, aliuliza ushindi wa mechi unatoka wapi. Besiboli unashinda kwa pointi, pointi inapatikana mpigaji akizunguka besi zote nne, yaani vile vituo vya uwanjani, na hauwezi kuzunguka kama haujafika besi ya kwanza. Soko lilikuwa linalipa hela nyingi kwa wapigaji wa nguvu na wenye mbio, wakati mtu anaefika besi kwa uvumilivu tu, anaeiacha mipira mibovu ya mrushaji ipite mpaka wanampa besi ya bure, huyo bei yake ilikuwa chini sana. Wazo lenyewe sio lake, Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, alikuwa anaandika hayo tangu 1977, bosi aliyemtangulia Sandy Alderson ndo aliyeyaingiza Oakland, na msaidizi wa Beane, Paul DePodesta, ndo alikuwa anakaa na kompyuta. Cha Beane ni ujasiri wa kwenda nalo sokoni huku maskauti wake mwenyewe wanamnunia.

Akamchukua Scott Hatteberg, mdakaji ambaye kiwiko kilimharibikia hata kurusha vizuri hawezi tena, wakamfundisha kucheza besi ya kwanza, nafasi ambayo hakuwahi kuicheza ligi kuu. Akawa anamtumia Chad Bradford, mrushaji ambaye mkono wake unapita chini karibu uguse udongo, watu wakimuona wanadhani anatania kumbe wapigaji wanateseka. Timu ya hivo ikashinda mechi 20 mfululizo. Ile ya 20, Septemba 4, 2002, dhidi ya Kansas City, walikuwa wanaongoza 11 kwa 0, wakarudishiwa zote ikawa 11 kwa 11, na kwenye raundi ya mwisho aliyepiga mpira ukatoka nje ya uwanja na kumaliza mchezo 12 kwa 11 ni huyohuyo Hatteberg. Mwisho wa msimu Oakland mechi 103 walizoshinda, Yankees 103. Sawasawa kabisa, na mmoja kalipa theluthi tu ya alicholipa mwenzake!

Lakini kuna kitu watu wanakiruka kila wakisimulia hii habari, na mimi nakiona ndo mzizi wenyewe. Hiyo timu haikuwa ya makapi. Ilikuwa na warushaji watatu vijana, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, na Zito mwaka huohuo alichukua tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao. Ilikuwa na Miguel Tejada, kijana wa Jamhuri ya Dominika, naye mwaka huohuo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao. Hawa wote walikuwa mastaa na walikuwa wa bei ndogo, kwa sababu sheria ya kule mchezaji anakuwa chini ya klabu yake miaka 6 kabla hajawa huru kwenda anapotaka, na ile miaka 3 ya kwanza mshahara wake uko karibu na kima cha chini. Kwahiyo ule ubahili wote ulikuwa umesimama juu ya vijana waliochaguliwa na kulelewa nyumbani, Hatteberg na Bradford walikuwa wanaziba mapengo tu.

Na hata wale watatu walioondoka hawakuondoka bure. Sheria ilikuwa inampa fidia aliyepoteza mchezaji mkubwa, anaongezewa zamu za kuchagua vijana wapya, ndo maana Juni 2002 Oakland walichagua vijana 7 kati ya 39 wa mwanzo nchi nzima. Wengine walikuwa wazuri, Nick Swisher, Joe Blanton, wengine hawakufika popote, ni kawaida. Ila ona mpangilio wake, aliyeondoka kaacha kitu nyuma yake.

Sasa njooni Kigoma. Mkoa huu umetoa wachezaji mpaka basi, Juma Kaseja tu peke yake kadaka Simba, kadaka Yanga, kadaka Taifa Stars miaka na miaka na ni mtoto wa hukuhuku. Timu za mtaa zinalea, zinanunua viatu, zinampeleka kijana hospitali akiumia, mama mmoja wa pale jirani anampikia wali na dagaa siku ya mechi, alafu anakuja mtu kutoka Dar au Mwanza anaongea na mjomba wake jioni moja, asubuhi kijana kapanda basi. Timu haijaachiwa hata mpira. Na sio kwamba sheria haipo! FIFA wana utaratibu wa mshikamano, mchezaji akiuzwa nje ya nchi asilimia 5 ya hela ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 ni robo asilimia ya hela yote, kuanzia 16 ni nusu asilimia. Maana yake kijana uliyekaa nae miaka ile 4 ya mwanzo akija kuuzwa siku moja kwa dola milioni moja wewe una dola 10,000 zako, zaidi ya milioni 20 za kwetu. Kwa timu ya mtaa Ujiji hiyo ni misimu mingi ya kucheza bila kupitisha bakuli. Ila unalipwa kama kijana alikuwa amesajiliwa kwako kwa karatasi na kumbukumbu ziko kwenye chama, na timu zetu nyingi karatasi hazina, kila mtu "anajua tu" kwamba huyu alikuwa wa kwetu.

Hela yetu yenyewe inaendaje? Inaenda na ziwa. Wachangiaji wetu wakubwa ni watu wa samaki, wenye vipe (vyombo vya kuvulia), wanunuzi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, mama wa migebuka. Ziwa likitoa na timu inapata. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane (na mimi naunga mkono, samaki walikuwa wanaisha) mifuko ya watu ikakauka na daftari langu likakauka nayo. Na hiyohiyo miezi ndo ya ndondo, kiangazi, viwanja vikavu, mashindano kila kona. Hapo ndo tabia ya mamluki inapotumaliza. Badala ya kuwatumia vijana tuliokuwa tunawafundisha mwaka mzima, kamati inakimbilia kukodi watu, huyu alicheza daraja la kwanza, yule alifanya majaribio timu kubwa, wanalipwa nauli, chakula na posho, wanacheza mechi mbili, tukitolewa wanaondoka na hazina imebaki nyeupe. Na vijana waliokaa benchi wamejifunza kwamba mazoezi hayana maana.

Nimekuwa naandika pembeni ya daftari vitu vidogo wakati wa mechi, nani kapoteza mpira, nani kasababisha faulo karibu na goli, nani kakaa kwenye nafasi yake dakika zote. Kuna beki wa kushoto wetu, mfupi, hana mbwembwe, hakuna anaemshangilia, na kila ukifungua ukurasa utakuta mpira haupotei kwake. Mamluki wa nafasi yake tulimlipa vizuri na upande ule ndo ulikuwa mlango. Nimewaonyesha kamati hizo kurasa. Mwenyekiti kazisoma, hakusema kitu, ila mechi iliyofuata dogo alianza.

Narudi kwa Beane, maana ntakuwa mnafiki nikiishia kwenye sifa. Mwaka 2000, 2001, 2002 na 2003, miaka minne mfululizo, Oakland walitolewa hatua ya kwanza ya mchujo, ule mtoano wa baada ya ligi, na mara zote nne ilikuwa 3 kwa 2, yaani mechi ya tano ya mwisho. 2006 wakavuka hatua moja wakachapwa na Detroit 4 bila. Jumla kati ya 2000 na 2020 walifika mchujo misimu 11 na fainali ya World Series hawakuiona. Wapinzani wake wanashikilia hapo, wanasema hesabu ni za ligi ndefu, mtoano unataka mastaa wa hela. Kuna ukweli humo, mechi 162 zinampa haki mwenye hesabu nzuri na mechi 5 zinaweza kumpa yeyote. Sisi wa Kigoma tumeona upande wa pili wa hiyo, Aprili 2024 pale uwanja wa Lake Tanganyika Mashujaa wa hukuhuku walimtoa Simba kombe la shirikisho, 1-1 alafu penalti 6-5, na ukipiga hesabu za bajeti mechi hiyo hata haikupaswa kuchezwa. Mtoano ulivyomnyima Beane ndo hivohivo ulivyotupa sisi.

Kitu nachomheshimu zaidi ni kile ambacho wengi wanamlaumu nacho. Julai 2014 timu yake ilikuwa inaongoza ligi, na yule mtu wa kuhesabu senti akafungua mkono: akamtoa Addison Russell, kijana wa thamani kuliko wote aliokuwa nao, kumleta Jeff Samardzija, alafu siku ya mwisho ya dirisha akamtoa Yoenis Céspedes, mpigaji anaependwa na uwanja mzima, kumleta Jon Lester wa Boston. Kwa maana ingine aliuza kesho anunue leo. Timu ikayumba, wakaingia mchujo kwa mlango wa nyuma, mechi moja ya kufa na kupona Kansas City, wanaongoza 7 kwa 3 wakarudishiwa, wakafa 9 kwa 8 baada ya raundi 12. Na Russell akaja kubeba ubingwa 2016 akiwa na Chicago Cubs. Watu wakasema umeona, kaacha njia yake. Mimi nasema hapana, hiyo ndo ilikuwa njia yake yenyewe! Unabana miaka yote ya nini kama siku mlango umefunguka unaendelea kubana? Hela iliyobaniwa ina siku yake, na aliitambua siku, na mpira ukamkataa. Namuelewa kabisa.

Na sio mtu wa kuabudu hela. Baada ya ule msimu wa 2002 Boston walimpa ofa ya dola milioni 12.5 kwa miaka 5, hakuna meneja mkuu aliyewahi kufikia hapo wakati ule, akakubali kwa mdomo, afu akageuka akabaki Oakland. Alisema aliwahi kufanya uamuzi mmoja kwa ajili ya hela, ule wa 1980, akajiapia hatorudia, na pia alikuwa na binti yake kule California. Boston wakamchukua kijana wa miaka 28, Theo Epstein, wakachanganya hesabu za aina ileile na hela ya kweli, 2004 wakabeba ubingwa ambao hawakuuona tangu 1918.

Hapo ndo penye kidonda cha urithi wake. Matajiri wakajifunza hesabu, kwahiyo faida ya maskini ikaisha. Na mabaya zaidi, baadhi ya wamiliki wakajifunza nusu tu ya somo, ile nusu ya kutolipa. Oakland wenyewe, chini ya John Fisher ambaye familia yake ndo iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap, 2022 waliuza nguzo moja baada ya nyingine, Matt Olson kaenda Atlanta, Matt Chapman Toronto, Chris Bassitt Mets, Sean Manaea San Diego. Mwaka huo wakafungwa mechi 102, mwaka uliofuata 112. Beane hakuwa tena anaeshika usajili, alishapandishwa cheo 2015 na Novemba 2022 akawa mshauri wa mmiliki, kwahiyo simbebeshi yote. Ila lile neno "sisi ni timu ndogo" alilijenga yeye kama sababu ya kufikiri zaidi, na wengine wakaligeuza kuwa sababu ya kutojaribu.

Mashabiki walielewa. Juni 13, 2023 walipangana wenyewe wakajaza zaidi ya watu 27,000 kwenye uwanja ambao siku nyingi ulikuwa mtupu, wamevaa fulana za kijani za kumtaka tajiri auze timu, na siku hiyo timu mbovu kuliko zote ikashinda mechi yake ya saba mfululizo. Haikusaidia, Novemba mwaka huohuo wamiliki wa ligi wakapitisha timu ihamie Las Vegas. Septemba 26, 2024 wakacheza mechi ya mwisho Oakland, zaidi ya watu 46,000, wakashinda 3 kwa 2. Miaka 57 ya timu pale imeisha, na sasa hivi wanachezea Sacramento wakisubiri uwanja wa Las Vegas. Hesabu zote zile nzuri, hakuna mahali palipokuwa na safu ya mtu aliyekaa jukwaani tangu utoto. Sisi Tanzania tunalijua hilo, Kitayosce ya Kilimanjaro imekuwa ya Tabora, Ihefu ya Mbarali imekuwa Singida Black Stars, upande mmoja wanasherehekea timu mpya na upande mwingine Jumamosi haina mechi.

Kwahiyo kwenye kikao nimesema hivi, na mzee wetu mmoja wa kamati ambaye alicheza enzi zake kaniunga mkono ("kijana wangu, hela ya timu ikilala wachezaji nao wanalala"), kwamba mamluki basi, posho zao ziende kwenye usajili wa vijana na viatu, kila kijana awe na faili, na kila mwisho wa mwezi nisome mapato na matumizi mbele ya wanachama kwa sauti, pale pale kiwanjani, mwenye samaki na asiyekuwa nao wote wasikie. Akiba itakayobaki isikae kuwa sifa ya mtunza hazina. Siku tukiwa nusu fainali na tunahitaji kulala Kasulu ili vijana wasicheze wamechoka na safari, itoke yote.

Wengine wamegoma, wanasema bila mamluki tutaaibika kiangazi hiki. Hatujaelewana kwenye kila kitu, ila la mafaili limepita. Tumeanza na yule beki wa kushoto, kwa sababu kuna timu ya Dar imeshaanza kumuulizia. Fomu zake ninazo, picha kapiga, kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa, na mama yake kasema kiko kwa bibi Kasulu, wiki hii kinaletwa na basi.